Gari Jipya Linalojua Barabara ya Zamani

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mvua imekatika sasa hivi. Mwanamke aliyevaa raba nyeupe anazunguka gari lake, anapiga kila tairi teke jepesi, kisha anafungua mlango wa kushoto na kuketi. Anafunga mkanda. Anasubiri.

Dakika nzima inapita. Halafu anacheka peke yake, anafungua mkanda na kuhamia upande wa kulia, kwenye usukani.

"Unaona? Mwezi wa tatu huu nina gari langu," anamwambia mwandishi aliyeketi kiti cha nyuma. "Miaka ishirini na miwili nimekaa upande ule nikimsubiri mtu mwingine aendeshe. Mazoea yana taabu."

Ana umri wa miaka hamsini na mmoja na ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wake, ambao kwa hesabu yake wamepita elfu mbili, wanamwita Vidole Viwili. Hana kawaida ya kupiga kelele. Mwanafunzi akianza kupotoka, yeye hunyoosha mkono na kuugusa usukani kwa vidole viwili tu, taratibu, mara mbili. Gari linarudi njiani na mwanafunzi haoni aibu.

Siku alipokwenda kuchukua gari lake mwenyewe, alifanya kosa lile lile la asubuhi hii. Alikaa kushoto, akafunga mkanda, akatulia. Muuzaji alisubiri nje na funguo mkononi hadi akachoka.

"Mama, tukuitie dereva?"

"Dereva gani tena? Si ndiye mimi!"

"Basi umempa usukani nani?"

Gari lenyewe ni dogo, la milango mitano, la rangi ya majivu, limetoka kiwandani Ulaya na kuja moja kwa moja kwa meli. Siku hiyo lilikuwa na kilomita tisa tu kwenye dashibodi, na viti bado vimevikwa nailoni. Alilinunua kwa kuweka theluthi ya mshahara wake kila mwezi kwa miaka kumi na mmoja. Mtaani walimwona amechanganyikiwa.

"Jirani aliniuliza kwa nini nisinunue lililotumika, chenji nikaezekea nyumba. Nikamwambia, shoga, wewe hujafundisha udereva. Gari lililotumika lina mkono wa mtu ndani yake. Ukikanyaga klachi unajua aliyekutangulia alikuwa na haraka. Ukishika usukani unajua alipenda kuvutia upande gani. Mimi nimeishi na mikono ya watu maisha yangu yote. Nilitaka gari ambalo halijazoeana na mtu."

Anawasha gari. Injini haisikiki kabisa.

"Sasa njoo uone nilichopata," anasema.

Barabara ya kwenda shuleni kwake inapita kiwanda cha matofali, inapanda kidogo, kisha inakunja kulia kukwepa bonde la mto. Upande wa kushoto wa kona hiyo kuna majani marefu tu. Hakuna taa, hakuna nyumba. Lami ni nyeusi na haina mstari hata mmoja.

Mshale wa mwendo unaonyesha sitini na tano. Kona inakaribia. Mwalimu anaegemea kiti na kulegeza mikono, ila hauachi usukani.

Kwenye dashibodi, vistari viwili vya kijani vinajichora.

Usukani unasogea. Haukurupuki wala hautetemeki. Unavutwa kidogo kuelekea kushoto, kwenye kiti kitupu, kama mtu aliyekaa pale ameugusa. Unatulia. Unavutwa tena. Mara mbili.

Mwalimu anaushika imara, anakunja kulia pamoja na kona, na vile vistari vya kijani vinazimika. Kiwanda kinatoweka kwenye kioo cha nyuma.

"Hivyo ndivyo kaka yangu alivyonifundisha," anasema.

Kaka yake alikuwa mwalimu wa udereva kabla yake. Jina la Vidole Viwili lilikuwa la kaka, yeye, aliyekuwa akifundisha naye, amelirithi. Wakati huo barabara haikuwa na kona hapo. Ilikwenda moja kwa moja, ikateremka bondeni na kuvuka mto kwa daraja la zege.

Miaka kumi na tisa iliyopita, baada ya mvua ya siku sita, kaka alitoka asubuhi kwenda kumchukua mwanafunzi aliyeishi ng'ambo ya mto. Daraja lilikatika naye yuko juu yake. Gari lilipatikana siku ya nne, milango imefungwa, kioo kimoja kimeshushwa. Yeye mwenyewe hakuonekana mpaka leo.

"Zamu ilikuwa yangu," anasema mwalimu. Anatazama mbele. "Nilikuwa na homa. Alinigongea dirishani, akasema, lala, mdogo wangu, nitakwenda mimi. Sikumjibu hata asante. Nilijifunika shuka."

Baadaye barabara ilihamishwa juu, kipande cha zamani kikafungwa kwa mawe na kuachiwa majani. Kwa miaka yote hiyo hakuteremka huko. Mtu akipotea na kumwuliza njia ya upande ule, anamwambia hajui.

Usukani ulipomvuta kwa mara ya kwanza, wiki ya pili ya kuwa na gari, alisimama pembeni na kulia. Mara ya pili, alilipeleka gereji.

Fundi aliyelipokea ni kijana mpole mwenye kompyuta ndogo badala ya spana. Alimweleza kwamba nyuma ya kioo cha mbele kuna kamera inayosoma mistari ya barabara, na gari likihisi dereva anatoka nje ya mistari, linausogeza usukani kumrudisha.

"Kwa hiyo linanifundisha mimi?" mwalimu aliuliza.

"Linakusaidia, mama."

"Hayo ndiyo ninayowaambia wanafunzi wangu. Lakini pale hakuna mstari, mwanangu."

Fundi hakuamini. Siku kavu alikwenda mwenyewe na kuona lami tupu. Asubuhi moja baada ya mvua walikwenda pamoja, wakaegesha mbele ya kona na kuirudia kwa miguu. Jua lilikuwa limeinama, likapiga lami iliyolowa kwa ubavu. Fundi akamshika mwalimu mkono.

Chini ya lami mpya ilionekana mistari miwili ya zamani, myeupe kwa mbali kama kovu. Haikukunja na kona. Ilinyooka mpaka ukingoni, ikaingia majanini na kuendelea kuteremka.

"Kamera inaiona hata sisi tusipoiona," fundi anaeleza. "Inadhani barabara bado ipo. Ni jambo la kawaida, tunaweza kulirekebisha."

Hapo simulizi ingeisha. Lakini akibanwa, fundi anakiri kuna kitu hajakiandika kwenye ripoti yake. Wakati wa kurudi aliuzima mfumo huo kwa mkono wake, taa yake ikazimika, kisha wakageuza na kuipita kona tena.

"Usukani ukavuta," anasema, akikuna shingo. "Mara mbili. Labda sikubonyeza vizuri. Andika hivyo, kwamba sikubonyeza vizuri."

Mwalimu amepangiwa kurudi gereji Jumatatu ili kamera ipangwe upya. Baada ya hapo, fundi anamhakikishia, usukani hautamvuta tena pale.

Ndicho kinachomnyima usingizi. Anaogopa ukiendelea, na anaogopa ukikoma. Na nyumbani kuna mtu aliyekwisha kuamua kwa niaba yake.

Mama yake ana miaka themanini na mbili. Jicho moja limeshapofuka na la pili, daktari amesema, lina miezi tu. Miguu haimfikishi hata barabarani. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiomba jambo moja, apelekwe alipopotelea mwanawe, na kila mtu katika ukoo amekuwa na sababu: gari bovu, njia mbaya, mama utaumia bure.

"Nina watoto wawili," anasema bibi huyo, ameketi kwenye kigoda mlangoni. "Huyu ana gari, yule ana mto. Kaburi la kukaa karibu nalo sina. Sasa gari limekuja na linaijua njia, bado mnaniambia ngoja? Nimengoja mpaka macho yamechoka."

"Mama, si gari. Ni kamera," mwalimu anamwambia.

"Haya. Na wewe ulipokuwa unajifunza, ukipotoka, nani alikuwa anakurudisha? Kamera?"

Mwalimu anainama kumfunga mama yake kamba za viatu.

Tangu aliposikia habari ya usukani, bibi amekuwa akifanya mazoezi. Kila jioni anaegemea bega la binti yake, hatua kumi na nne kutoka mlangoni hadi kwenye gari, anaketi kushoto na kufunga mkanda mwenyewe. Mwanzoni vidole vyake havikukiona kifungio. Sasa anakifikia bila kutazama. Gari haliendi popote. Wanakaa tu, bibi kushoto na mwalimu kulia, wakitazama ukuta wa uani.

Jioni hii bibi ananyoosha mkono na kuugusa usukani.

"Alikuwa anafanya hivi?"

"Taratibu zaidi, mama. Vidole viwili."

Bibi anajaribu tena. Mwalimu anageuza uso dirishani kwa muda.

Watakwenda Jumamosi, anasema hatimaye, siku mbili kabla ya gereji. Amekwisha kwenda kutazama kwa mara ya kwanza. Aliegesha juu, akateremka kwa miguu hadi kwenye mawe, na kutoka pale aliuona mto. Mawe mawili ya katikati yanasogezeka, na kijia kigumu kinaweza kupitisha gari dogo hadi mita mia mbili kutoka majini. Ameyakata majani kwa panga mwenyewe. Redio inasema Ijumaa usiku kutanyesha, na lami iliyolowa ndiyo huonyesha mistari.

Akiulizwa atafanya nini kwenye kona, mguu wake wa kulia unabonyeza sakafu bila yeye kujua.

"Nimerudisha usukani kwa watu elfu mbili," anasema. "Jumamosi sitaurudisha. Vidole vikija nitasema, haya, kaka, tupeleke, na asante kwa ile asubuhi. Usukani nitamwachia yeye."

Anamfungulia mama yake mkanda.

"Breki nitakanyaga mimi."