Bampa ya Nyuma Aliyoikunja Baba

Bampa ya kwanza ya ile landrova si mimi niliyeivunja. Nianze hapo, maana watu hupenda kuanza na lawama. Ilivunjikia Ngoliba, kwenye barabara ya mkonge, na aliyeiunga alikuwa ameiunga kwa gesi kwenye pembe mbili, na pembe hizo hizo ndizo zilizoachia. Mwenye gari alikuwa mzungu mwenye kahawa Ruiru na mkonge Ngoliba, na kati ya sehemu hizo mbili aliendesha kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Alifika gerejini kwetu Thika ameishika hiyo bampa mkononi, imening'inia kama kuku aliyekufa.

Gereji ilikuwa ya Muhindi mmoja, karibu na reli. Mimi nilikuwa mkono wake wa kulia kwa vitu vya chini ya gari, kwa sababu yeye alikuwa na tumbo na hakupenda kulala chini. Shule nilisoma miaka miwili. Herufi nilizijua moja moja, Kiingereza hakikunifikia. Nasema hili mapema kwa sababu ndilo lililotumaliza.

"Mimi hapana taka kuunga tena," bwana akasema. "Taka chuma moja tu. Kunja hapa, kunja hapa. Kwisha."

Muhindi akatikisa kichwa. "Chuma nene hivyo, bwana, hapa hapana moto ya kukunja. Peleka Nairobi."

"Nairobi nasema wiki tatu."

Mimi nilikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Kama ningenyamaza, bwana angeenda zake Nairobi akangoja wiki zake tatu, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikatoa kichwa nikasema, "Baba yangu anaweza."

Baba alikuwa mhunzi. Baba yake pia, na wa nyuma yake pia. Kwetu mhunzi alikuwa mtu wa kuogopwa kidogo. Mtu aliyeiba jembe la mhunzi hakupata usingizi, kwa kuogopa laana yake. Na kuna jambo lingine la kwetu ambalo watu wengine wakilisikia hucheka. Mimi ni mtoto wa kwanza, nina jina la babu yangu, kwa hivyo baba aliniita "baba" kwa heshima ya mzazi wake, na mimi nilimwita baba kwa sababu ndiye baba. Muhindi alitusikia siku moja tukisalimiana hivyo akauliza, "Sasa nani nazaa nani hapa?" Baba akamjibu kwamba inategemea ni nani anayelipa chakula.

Hiyo ilikuwa kabla ya Emajensi, ile hali ya hatari ambayo serikali ilitangaza kwa sababu ya vita vya msituni. Emajensi ilipokuja, wahunzi walionekana wabaya kuliko watu wengine wote, maana bunduki za msituni zilikuwa zinatengenezwa kwa mabomba ya maji na komeo za milango, na nani anajua kutengeneza kitu kama hicho kama si mhunzi? Baba hakutengeneza. Nilimwuliza mwenyewe, na hakuwa mtu wa kunidanganya. Hata hivyo walikuja wakabeba nyundo, koleo na fuawe, wakafukia shimo la moto, halafu wakawahamishia watu wetu wote kwenye kijiji kimoja cha kubanana, chenye mtaro kuzunguka na miti iliyochongwa ncha ndani yake, juu kidogo ya Witeithie. Hom-gadi, askari wenyeji wa serikali, walikaa langoni. Baba akaambiwa akionekana na moto usio wa kupikia, atapelekwa kambini kufungwa.

Kwa miaka miwili alikaa tu. Mikono yake ilianza kuwa laini, na hilo lilinitisha kuliko kama angeugua. Nikienda kumwona nilimkuta anakunja na kukunjua kipande cha waya. Kwa hivyo niliposema "baba yangu anaweza," nusu nilimsemea yeye. Nusu nyingine nilitaka bwana aseme mbele ya Muhindi kwamba nina akili. Nimeipima mara nyingi ile nusu ya pili, na haipungui.

Bwana akanitazama. "Baba yako iko pasi ya kazi ya moto?"

"Wewe ukiandika barua, bwana, itakuwa."

Akaandika palepale, juu ya boneti, mistari mitatu, akatia sahihi. Nikaichukua nikaikunja nikaitia katika pasibuku yangu, kile kitabu cha ruhusa ya kutembea. Sikumwomba Muhindi anisomee. Nilidhani barua ya mzungu ni barua ya mzungu, kwamba ukiwa nayo una kila kitu kilichokuwa kichwani mwake wakati anaandika.

Tulikata bapa la chuma kutoka fremu ya lori lililokufa, upana wa kiganja, unene wa kidole cha mwisho. Nikaenda nyuma ya landrova, ambayo bwana aliiacha kwetu, kuchukua vipimo. Nyuma ya fremu kulikuwa na matundu manne ya bolti. Inchi baba hakuzijua, kwa hivyo nilichukua kamba ya katani nikaipiga fundo kila penye tundu, na mafundo mawili mawili pale penye kukunja. Nikafunga chuma kwenye baiskeli, nyundo na koleo za gereji nikazitia kwenye gunia, na kesho yake alfajiri nikaenda.

Mkubwa wa hom-gadi langoni alikuwa mtu tunayejuana naye. Alifungua barua, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hii ni ya nani?"

"Ya bwana wa Ruiru. Baba amkunjie chuma."

"Na imesema hivyo?"

"Si sahihi yake hiyo hapo chini?"

Akairudisha. "Basi fanyeni. Lakini ikifika saa sita nisione moshi."

Ngozi za mivukuto ya kupulizia moto hazikuwa zimechukuliwa, kwa sababu mama alizishona zikawa mifuko ya maharagwe. Mama akamwaga maharagwe kwenye ungo, na mimi nilimwona baba akizigusa zile ngozi. Fuawe tukatumia jiwe. Kufika saa tatu chuma kilikuwa chekundu.

Nimefanya kazi na watu wengi tangu hapo, wenye vyeti, wenye mashine. Sijaona mtu akikunja chuma hivyo. Aliweka kamba yangu juu ya chuma baridi, akatia alama, akasema, "Hii kamba ulipima gari ikiwa imesimama ama ikitembea?"

"Imesimama, baba."

"Nilidhani ilikuwa inatembea. Fundo hili limelegea, baba. Huko kwa Muhindi unafundishwa kushika nyundo ama mwiko?"

Mama alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka ndani ya kijiji kile.

Pembe ya kwanza ilikubali, halafu ya pili, zote zikielekea mbele ili zikumbatie mwili wa gari. Halafu akaanza matundu, anapasha moto, anaweka msumari mnene juu, mimi napiga. Tundu la kwanza, la pili, la tatu. Jasho lilimtoka mpaka akavua shati, na mikono ilikuwa imerudi kuwa ile ninayoijua. Alikuwa ameingiza chuma motoni kwa ajili ya tundu la nne tuliposikia gari likisimama langoni.

Alikuwa afisa kijana, mzungu, na askari wanne nyuma yake. Aliuona moshi tangu barabarani. Mkubwa wa hom-gadi alitembea kando yake akisema kwa sauti kwamba hakuulizwa kitu, na wala simlaumu sana. Alikuwa na watoto.

Nikatoa barua. Afisa akaisoma, na kwa sababu haikuwa ndefu aliisoma mara mbili. Kisha akamwambia askari mmoja atueleze kwa Kiswahili.

"Barua inasema hiki chuma ni mali ya bwana wa Ruiru," askari akasema, "na huyu anayekibeba asisumbuliwe njiani. Basi."

"Na mzee?" nikauliza.

"Mzee hayumo."

Baba alikuwa bado ameshika koleo. Akakitoa chuma motoni, akakitumbukiza majini taratibu ili kisipinde, kikalia, akakiegemeza ukutani. Ndipo akaweka koleo chini. Askari walimruhusu avae shati. Aliniambia, "Baba, tundu la mwisho utalitoboa baridi. Usiharakishe." Wakampandisha. Mimi nikaambiwa nichukue chuma niende nacho, maana chuma kilikuwa na barua.

Siku iliyofuata nilikwenda Ruiru kabla sijafika kazini. Bwana alikuwa barazani anakunywa chai. Nikamweleza yote, kofia mkononi. Alisikiliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikitika, sitamsingizia.

"Bampa iko wapi?" akauliza.

"Iko Thika, bwana. Imebaki tundu moja."

"Wewe funga bampa kwanza. Mimi taongea na wakubwa. Leta gari hapa Jumamosi, tayari, mimi taongea."

Hapo ndipo niliposhika tumaini. Niliona kwamba baba atatoka kama bampa itakaa sawa. Hakusema hivyo, lakini mtu akiwa shimoni hushika kile kinachopita. Nililitoboa lile tundu kwa keekee ya mkono siku mbili nzima. Chuma kilichopoa majini kinakuwa kigumu, ncha zikawa zinakufa moja baada ya nyingine, na Muhindi alitazama ncha zake zikiisha, wala hakuninyima nyingine. Siku ya pili alikaa chini, tumbo na yote, akanishikia bapa lisicheze.

Jumamosi asubuhi nikaingia chini ya landrova. Bolti za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, nikazikata kwa msumeno. Nikainua bampa kwa jeki na gogo, nikaisogeza. Nitasema ukweli. Matundu matatu ya baba yalipokaa juu ya matundu ya fremu, na bolti zikaingia kwa vidole, bila kusukumwa, nilifurahi. Baba yangu amefungwa mahali nisipopajua, na mimi niko chini ya gari nafurahi kwa sababu ya matundu. Lile la nne, langu, lilikuwa pembeni kidogo, nikalipanua kwa tupa mpaka likakubali.

Bwana aliipiga teke pale Ruiru, mara mbili, kwa buti. "Mzuri sana," akasema. "Mimi taongea."

Jumapili ya kwanza nilikwenda, nikaambiwa amesafiri. Ya pili akaniambia bado. Watu walikuwa wakisema wahunzi wamepelekwa mbali, kambi za huko kwenye joto, wengine walisema wako karibu tu wanavunja mawe. Mama alikuwa ameyarudisha maharagwe katika zile ngozi.

Jumapili ya tatu nikamkuta bwana na rafiki yake, mzungu mwenye shamba la jirani, wamechuchumaa nyuma ya landrova. Rafiki alikuwa anapitisha mkono kwenye pembe ya bampa, pale ilipokunjwa, anatafuta alama ya kuunga na haioni.

"Nani nakunja hii?" akaniuliza.

"Baba yangu, bwana."

"Mwambie afanye mimi moja kama hii."

Nikamtazama bwana wangu. Alikuwa anatazama bampa, na nikaona kwamba hakumbuki. Hakuwa amekataa kuongea na wakubwa. Lilikuwa limemtoka tu, kama linavyomtoka mtu jambo la wiki iliyopita.

"Hayupo, bwana," nikasema.

"Atarudi lini?" rafiki akauliza.

Nilikuwa nimepiga baiskeli kutoka Thika kuja kumwuliza mwenyeji wake swali hilo hilo. Nikasema sijui. Wakaingia ndani kula, na mimi nikachukua baiskeli yangu nikarudi Thika.