Nywele zangu ndani ya friza ya Hawe Sidi

Wakuu, salamu kutoka Marafa, upande wa Malindi.

Ninayoyasimulia hapa sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwapo, na kwa bahati mbaya mimi ndiye niliyeyasababisha. Kwa hiyo mkicheka, chekeni kwa adabu.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, umri miaka arobaini na tisa. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini kusoma sikuacha. Jambo likinihusu nalisoma mpaka nilielewe, naliandika kwenye daftari, naweka tarehe. Ikumbukeni hiyo tabia ya kuandika kila kitu.

Jambo lililonihusu kwa miaka kumi na miwili ni upara.

Ulianzia utosini, mdogo kama kisahani cha chai. Nikanunua kepi. Kisahani kikawa sahani, nikawa silali bila kepi.

Shida ilikuwa kanisani, kwa sababu mwanamume hakai na kofia mle ndani. Nikajitolea kusimamia jenereta, ambayo inakaa nje. Mchungaji alinisifu mara mbili mbele ya waumini kwa moyo wangu wa kujitolea. Mke wangu, Mama Neema, aliujua ukweli, akanyamaza.

Sasa kuhusu tiba.

Kwa asiyejua, nywele za utosini na za kisogoni hazina tabia moja. Za utosini, kwa wanaume wengi, hupokea amri ya kuacha kazi. Za kisogoni haziisikii amri hiyo. Ndiyo maana mwenye upara hubaki na nywele nyuma, kama uzio uliobaki baada ya nyumba kubomolewa.

Wanasayansi wanataka kuchukua seli chache kutoka kwenye shina la unywele wa kisogoni, wazizidishe maabara, kisha wazidunge utosini zioteshe nywele mpya. Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba seli hizo zikikaa nje ya kichwa husahau kazi. Zinaongezeka, ndiyo, lakini zikirudishwa hazikumbuki zilikuwa zikifanya nini. Nimewahi kuajiri fundi wa aina hiyo.

Niliposoma habari hizi mara ya kwanza, waliandika kwamba tiba itakuwa tayari baada ya miaka mitano. Nikaweka tarehe. Miaka mitano ikapita. Nikasoma tena: miaka mitano. Hivi sasa niko kwenye miaka mitano ya tatu. Nimefanya kazi na vipimo vingi, vya joto, vya gesi, vya umeme. Sijaona kipimo kisichosogea kama hiki.

Mwaka jana niliitwa hoteli moja kule Bofa. Kiyoyozi cha ukumbi kilikuwa kikidondosha maji, na ukumbini mlikuwa na mkutano wa watu wa urembo. Nikawa juu ya ngazi, kichwa ndani ya dari, nikisikiliza. Mzungumzaji, bwana mmoja mwenye nywele nyingi kupita kiasi, akasema seli nazo huzeeka. Mwenye akili anazihifadhi mapema, kwenye baridi kali, zisubiri tiba itakapofika. Ng'ambo kuna watu wanaofanya kazi hiyo.

Baridi kali.

Wakuu, mtu anasema "baridi kali" mbele ya fundi wa friji. Nilihisi nimeitwa kwa jina.

Naomba lieleweke kwamba nilijua friza ya kawaida haitoshi. Ile ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Seli zinataka naitrojeni ya maji, karibu nyuzi mia mbili chini ya sifuri. Bila hivyo maji ndani ya seli hugeuka barafu na kuzipasua.

Kwa hiyo nilianza ipasavyo. Nilikwenda Adu kwa Safari, anayepandisha ng'ombe kwa mrija. Ana mtungi wa naitrojeni, na ndani yake mna mbegu za madume ya kisasa.

"Safari, nipe nafasi ya kichupa kimoja tu."

"Cha nini?"

Nikamweleza. Aliitazama kepi kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, humu mna madume ya heshima. Siku nikikosea kichupa, ng'ombe wa Mzee Charo azae ndama mwenye upara, nitamweleza nini?"

Nikarudi Marafa. Njiani nikajiambia kwamba nyuzi kumi na nane si haba, ni bora kuliko kuacha bure. Hapo ndipo mtu aliyejisomea hujidanganya. Jibu sahihi nilikuwa nalo, nikachagua lililokuwa karibu.

Friji ya nyumbani haikufaa. Stima hupotea, na Mama Neema hupanga vitu. Friza bora Marafa ilikuwa ya Hawe Sidi. Hawe ni bibi kwa Kigiriama. Si bibi yangu wa damu, ila huku mwanamke wa umri ule humwiti jina tupu. Ni mjane, anauza samaki na barafu za ukwaju, na friza yake nimeitengeneza mwenyewe. Hujaa barafu mpaka juu, hata stima ikikatika kutwa haiyeyuki.

Jambo jingine kuhusu Hawe: kila wiki mbili hupaka nywele piko, ziwe nyeusi ti. Si urembo. Huku kwetu mwanamke mzee, mjane, mwenye mvi na shamba zuri, ana sababu nne za kuogopa jirani zake wasimwite mchawi. Hiyo ya mvi ndiyo pekee anayoweza kuifunika.

Nikang'oa nywele arobaini za kisogoni kwa kibano, moja moja, na mashina yake. Machozi yalinitoka. Nikazitia kwenye kichupa, nikabandika karatasi: jina langu kamili, tarehe, na maneno KISOGO, KUSHOTO. USIFUNGUE.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, fundi. Nini hicho, umeniletea dawa?"

"Ni kifaa changu cha kazi. Kinataka baridi."

"Haya, kitie chini ya samaki, kisije kikapotea."

Hakuuliza zaidi. Kusoma kidogo anajua, lakini miwani ilivunjika zamani.

Katika kusoma kwangu kote nilisahau alichonifundisha mama yangu kabla sijajua herufi. Kwetu nywele za mtu hazitupwi ovyo. Ukinyolewa unaziokota, unazizika au unazichoma. Nywele zako zikikutwa kwa mtu mwingine, zimefichwa, zina jina lako, hakuna atakayesema ni akiba. Hiyo ni kesi.

Wiki tatu baadaye nikapata malaria. Homa ya baridi, wakuu, ile ya mablanketi mawili saa sita mchana. Watu wakaja kunijulia hali, wakaona fundi anavyotetemeka jua likiwaka.

Siku ya tatu, Karisa akaenda kwa Hawe kutaka barafu. Karisa ni mtoto wa ndugu ya marehemu mumewe Hawe, na kwa muda mrefu amekuwa akisema lile shamba lirudi kwa wenyewe. Akachimba chini ya samaki, akaibuka na kichupa chenye jina langu.

Wekeni mambo pamoja. Fundi anaganda kitandani. Nywele za fundi zinaganda kwenye friza. Friza ni ya mwanamke mzee. Hata mimi, kama nisingekuwa mimi, ningeshuku.

Mama Neema akaingia chumbani mbio.

"Baba Neema, wamemtoa Hawe nyumbani kwake! Wako uwanjani kwa naibu wa chifu. Wanasema amekutia kwenye friza. Karisa anasema asipofukuzwa leo, watu watajichukulia hatua."

Sote tulijua maana ya maneno hayo.

"Zile nywele ni zako?" akaniuliza.

Nikasema, "Sijui."

Wakuu, uzi huu nimeuandika kwa sababu ya neno hilo. Nililala pale muda wa kuchemsha chai, mwanamke wa watu yuko hatarini, nami natafuta namna ya kumwokoa bila kepi yangu kuguswa. Nikafikiri niseme ni nywele za mbuzi. Nikafikiri niseme ni za daktari. Kila njia ilikuwa na kasoro moja: jina langu, kwa mwandiko wangu, na tarehe.

Mama Neema alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Hujui, au hutaki kujua?"

Nikaomba viatu.

Nilifika uwanjani kwa bodaboda, blanketi mabegani. Watu walikuwa wengi. Hawe alikuwa ameketi chini. Leso ya kichwa ilikuwa imevutwa ikaanguka, na kwenye mashina ya nywele, pale piko lilipokuwa limeanza kupanda, weupe ulionekana. Alikuwa akiufunika kwa viganja.

Karisa alikishika kichupa kwa jani la mgomba.

"Huyo amekuja! Tazameni anavyotetemeka!"

"Ni malaria," nikasema. "Kadi ya zahanati hii hapa."

"Na hiyo malaria imetoka wapi?"

"Kwa mbu, Karisa."

Naibu wa chifu, mama mmoja asiyependa kupotezewa wakati, akaichukua kadi, akaisoma, akanirudishia.

"Fundi, hizi nywele ni zako?"

"Ni zangu."

"Nani aliyeziweka kwenye friza?"

"Mimi. Hawe hakujua ni nini. Nilimwambia ni kifaa cha kazi."

"Uliziweka za nini?"

Nikaeleza. Nikaanza na shina la unywele, nikaingia kwenye seli, nikafika maabara. Nilieleza vizuri, nadhani. Nilipomaliza, sauti moja ikasema, "Mnaona? Ameshafungwa, hata maneno yake hayaeleweki."

Karisa akatabasamu.

Basi nikavua kepi.

Jua lilikuwa la saa saba. Mama mmoja wa nyuma akasema, taratibu kabisa:

"Looo! Kumbe ni uwanja wa ndege!"

Na mwingine, ambaye nasali naye:

"Ala! Kumbe ndiyo maana ya jenereta!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Naibu wa chifu alijikaza.

"Kwa hiyo uliweka nywele zako zisubiri dawa ya upara."

"Ndiyo."

"Dawa yenyewe iko wapi?"

"Haijapatikana."

"Itapatikana lini?"

Nilijua nikijibu nimekwisha. Lakini njiani nilikuwa nimejiahidi kusema ukweli.

"Wanasema miaka mitano."

Hapo hata askari wa naibu wa chifu aligeuka ukutani.

Hawe hakucheka. Aliokota leso yake, akaifunga, akasimama.

"Nyamazeni. Fundi, wewe huna nywele unazitaka. Mimi ninazo, zimetaka kunitoa roho. Na uchafu wako ukautia chini ya samaki wangu!"

"Nisamehe, Hawe."

"Twende ukazizike. Leo hii. Na mimi niko nawe."

Nilizizika nyuma ya nyumba yangu, na homa yangu. Kila nikisimama, Hawe alisema, "Bado. Chimba." Lile shimo lingetosha mbuzi.

Sasa siku hizi naingia kanisani na kukaa mbele. Jenereta wamempa mtu mwingine. Kuhusu seli bado nasoma, na siwezi kusema ni uongo. Pengine siku moja zitakumbuka kazi yake. Mnaotaka kusubiri, subirini, lakini msitoe nywele zenu wala chochote kwa anayesema tayari anayo tiba. Na siri yako ya aibu usiifiche kwa mtu mwenye hofu kubwa kuliko yako. Mimi ningefumaniwa, ningechekwa. Yeye nusura afukuzwe kwake, au zaidi.

Karisa hajaomba radhi. Mimi hunisalimu, Hawe hamsalimu.

Mimi kepi niliivua siku moja, ikawa basi. Hawe bado anapaka piko kila wiki mbili, na nikienda Malindi hunituma nimletee. Mwenye duka, Mhindi mmoja mpole, hulitazama piko, hunitazama kichwa, kisha hulifunga kwenye karatasi.

Mwenye swali kuhusu seli aulize, nitajibu nikiwa na daftari. Lakini kwanza mniambie: huko mliko, wazee wenu wanapaka piko kwa urembo, au kwa sababu kama ya Hawe?