Wasichana wa "Ngoja Nimeze"

Kache Chonga amesuka nywele Majengo kwa miaka kumi na miwili, na mpaka leo wateja wageni humkazia macho kwenye kioo. "Dada, mbona sura yako naijua?" Kache hucheka tu. Lakini mimi alinihadithia yote siku aliyonisuka.

Alikuwa ameitwa Kibokoni kuwasuka dada za bibi harusi. Sebuleni alimkuta Mejumaa, mpakaji hina wa mtaa huohuo, msichana mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Alikuwapo pia Wanza, karani wa afisi ya mizigo, aliyealikwa kwa kuwa alifanya kazi na bibi harusi. Hawakuwa wakijuana.

Alasiri stima zikapotea. Muziki ukakatika, wanawake wakabaki wamesimama. Kache, ambaye huimba kila asukapo, hakunyamaza. Ulikuwa wimbo wake wa mzaha juu ya msichana ambaye mchumba humpigia simu kila akikaa kula.

"Usinipigie, nala," aliimba.

"Ngoja nimeze!" akaitikia Mejumaa bila kufikiri, huku akimpaka bibi harusi hina mguuni.

Wanza akachukua sinia, akalipiga kwa kijiko na kubuni ubeti palepale kuhusu samaki mwenye miiba. Nyumba ikajaa vigelegele. Shangazi mmoja alirekodi kwa simu, na kufikia Jumapili video hiyo ilikuwa inatazamwa hadi Muskati.

Mejumaa ndiye aliyewatafuta wenzake. "Mashoga zangu, watu watutaka. Sisi twangoja nini?"

Wakajiita Vikuku. Walifanya mazoezi saluni kwa Kache, wakarekodi kwa Kamaludin, fundi wa sauti mwenye chumba kimoja Makadara. Redio ziliupiga wimbo asubuhi na jioni. Wakaalikwa harusi, mahafali, hata bustani ya bibi mmoja wa Kizingo aliyefuga mbwa wawili wakubwa. Mbwa walipofunguka, Mejumaa alirukia kiti na kuimba wimbo mzima akiwa juu yake. Wageni walidhani ni mtindo. Tangu siku hiyo, kila walipokwenda watu walipiga kelele: "Kiti! Kiti!"

Mwezi wa kumi na nne tangu wajiite Vikuku, walihojiwa redioni. Mtangazaji, Kingi, aliwauliza swali jepesi: "Nani aliutunga wimbo wa 'Ngoja Nimeze'?"

"Mimi," walijibu wote watatu kwa pamoja.

Kingi aliangua kicheko, na wasikilizaji wakafuata kwa ujumbe wa kejeli. Nje ya studio hakuna aliyecheka.

"Nilikuwa nikiuimba kabla sijawajua nyinyi," alisema Kache.

"Na ni nani aliyeujua kabla sijaitikia?" Mejumaa alimjibu.

"Na beti tatu zilizobaki, ziliandikwa na nani?" akauliza Wanza.

Kila mmoja alisema kweli, ndiyo maana hakuna aliyekubali kushuka. Mejumaa alikubali mwaliko wa kuimba peke yake Unguja. Wanza alirudi kwenye kwaya ya kanisa. Kache akabandua picha yao ukutani, na kwa mwezi mzima akasuka kimya. Wateja walilalamika kwamba mkono wake umekuwa mzito.

Ndipo akaja Eddah. Mumewe, Dzoro, alikuwa karibu kustaafu baada ya miaka thelathini ya kuendesha winchi bandarini.

"Nataka umtungie wimbo," Eddah alimwambia. "Mimi namwonea fahari, lakini pia naogopa. Atashinda nyumbani kutwa, akinielekeza namna ya kupanga sufuria!"

Kache alicheka mpaka akaacha kusuka. Kabla kichwa hakijaisha, alikuwa na beti nne. Lakini wimbo ulihitaji mwitikio na ulihitaji sinia. Alichukua simu, akampigia Mejumaa.

"Nilikukosea," Kache alisema.

"Tulikoseana, shoga. Wanza umeshampigia?"

Waliimba watatu kwenye sherehe ya Dzoro, na mzee akataka warudie mara tatu, akimwashiria mkewe kila walipotaja sufuria. Wiki hiyohiyo walikwenda kwa Kamaludin, akaandika majina yote matatu kwenye "Ngoja Nimeze".

Nilimuuliza Kache kama Vikuku watarudi jukwaani.

"La," alisema. "Mejumaa apenda kusimama mbele, basi asimame. Wanza sasa ndiye kiongozi wa kwaya, na akikuona umechelewa utajuta. Mimi nimegundua nipendacho ni kutunga, nikiwa hapahapa."

Siku hizi watu huja kwake hata wasio na nywele za kusuka. Nilipokuwa nimekaa, aliingia mzee mwenye kipara, kofia mkononi, akitaka wimbo wa kumwomba radhi dada yake. Kache alimvutia kiti.

"Karibu, mzee. Nieleze kwanza, ulimfanyia nini?"