Jua Lililogoma Kuzama

Kwa miaka mingi nimekana kwamba nililia kwa kuogopa jua. Nililia. Leo, katika duka la Warusi hapa Dubai, harufu ya samaki aliyekaushwa kwa moshi imenirudisha kwenye mji wa bandari, kaskazini mwa Urusi, nilikozuru na baba utotoni. Tulikuwa tumefunga, tende ziko mezani, na jua likagoma kuzama. Nikajua Kiyama kimefika.

“Futuru, mwanangu,” baba alisema, ametulia kama maji mtungini. “Kwetu wameshakula.”

Ndugu zangu wananicheka hadi leo, na shahada zangu zote hazijanisaidia. Nikatoka dukani, nikampigia baba simu.

“Baba, wewe hukuogopa hata kidogo?”

“Nani kakwambia? Ulipolia, nikapata wa kumbembeleza. Mwenzio nilishaanza kutubu.”