Vidonge Vilivyomwagwa Chooni

Majina siyataji, na si kwamba nawaogopa. Wakisomewa haya watajijua, na majirani zao watawajua kabla yao. Walionimaliza ni watatu: mume niliyekuwa naye, mama yake, na somo yangu. Mkubwa wao ni mume. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nina haya naye.

Mimi mzaliwa wa Mahege. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikafundwa, nikaozwa Salale, huko kwenye mikoko ambako hata kwenda msibani unapanda mtumbwi. Aliyenipeleka ni huyo somo, mwanamke aliyenifunda nilipovunja ungo. Yeye alitangulia kuolewa Salale, akanisifia kwa wakwe: binti ana mikono, binti hana mdomo. La mikono alisema kweli.

Nilikaa pale miaka kumi na sita bila mtoto. Hata mimba ya kuharibika sikupata. Kila mwezi damu ilikuja siku yake, na kila mwezi mama mkwe alijua, maana alikuwa akihesabu vitambaa vyangu kwenye kamba. Kwetu mwanamke akizaa jina lake linakwisha, anakuwa mama wa fulani. Mimi niliitwa jina langu la usichana mpaka mvi zikaota, na watoto wa kutumwa dukani wakaniita hilo hilo, na hakuna mkubwa aliyewakanya.

Tulikwenda hospitali mara moja kwa ajili ya uzazi, Kibiti. Wakanipima mimi, wakasema mara ya pili tuje wote, na mwanaume apimwe. Kwenye boti ya kurudi mume aliwachekesha abiria kwa hilo. "Umeona wapi jogoo akapimwa?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ndiyo kazi niliyopewa. Mara ya pili haikuwapo.

Sasa niseme habari ya mpunga. Mpunga ukianza kukaza, mtu anahamia shamba, anapanda juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa, na kutoka alfajiri mpaka magharibi anaamia ndege. Unapiga kelele, unatupa udongo kwa teo, unagonga debe. Ukinyamaza kidogo tu, mpunga wa mwaka mzima umekwenda. Mimi nilikuwa bingwa. Sauti yangu ilisikika mpaka ng'ambo ya mto.

Mwaka ule niliamka dunguni nikawaona ndege wametua, wingu zima, nikawatazama. Teo lilikuwa mkononi. Nilijua kabisa ninachotakiwa kufanya. Sauti ikawa haipandi, mkono haunyanyuki, na moyoni nikasema, wale tu. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu sikuketi, nililala. Bada, ugali wetu wa muhogo, sikula, na nilipokula sikusikia ladha. Huzuni mimi naijua, nimekaa nayo miaka mingi, huzuni inalia na baadaye inapika. Hii haikulia. Nilikuwa kama gogo ambalo maji yameliacha juu ya tope.

Mama mkwe alikuja kuangalia shamba, akakuta nusu ni mabua. Akasimama chini ya dungu, wala hakuniuliza kama naumwa.

"Umewaachia makusudi," alisema. "Wewe huzai, sasa unataka na shamba lisizae."

Alikwenda akayasema hayo kijiji kizima, na kijiji kikayapokea. Wakaleta mtu wa mashetani, wakanifukiza siku saba, nikakohoa siku saba. Jini hakutoka, kwa sababu hakuwamo. Asubuhi moja baada ya hapo niliingia mtoni nikiwa na nguo zangu zote, na sikuingia kuoga. Hilo sitalieleza zaidi. Aliyenitoa ni mwanamke mnunuzi wa kamba, aliyekuwa akipita na boti yake ya barafu kukusanya mali kwa wavuvi. Alinivuta kwa kanga, akanilaza kati ya madebe ya kamba, akampigia mume simu aje, la sivyo anakwenda polisi. Kwa kuogopa polisi, akaja. Ndivyo nilivyofika Kibiti mara ya pili.

Muuguzi wa mapokezi alifungua daftari langu jipya, swali la kwanza likawa: "Mama, una watoto wangapi?" Nikamwambia andika sifuri. Akaandika bila kuinua uso. Daktari alikuwa mwanamke mwenye ushungi mweusi, mpole wa sauti lakini hana maneno ya kubembeleza. Aliniuliza tangu lini chakula hakina ladha, tangu lini nimeacha kuoga, kama bado nafikiria maji. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mume alikuwa ameketi pembeni yangu, magoti yetu yanagusana. Alisikia kila neno. Naomba msomaji alishike hilo.

Daktari akasema huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, una dawa. Kimoja kila siku, usiruke, usiache hata ukijiona mzima. Wiki za mwanzo hutaona kitu. Halafu akasema, "Dawa hii haileti mtoto. Nisikudanganye." Nilimchukia hapo hapo, nikatamani kumrushia daftari lake. Baadaye nilipata muda wa kufikiri, nikaona katika miaka kumi na sita ni yeye peke yake asiyenidanganya. Waganga, masheikh wa makombe ya kunywa, wakunga, somo, wote walikuwa na tarehe yao ya mimi kushika mimba.

Kabla hatujapanda boti mume akanivuta kando. Akasema nyumbani tutasema ni dawa ya presha. Watu wakisikia kichwa watasema ameoa mwendawazimu. Nikakubali. Hapo nina kosa langu na silifichi, nilikuwa na haya kuliko yeye.

Wiki za kwanza nilitamani kuvitupa mwenyewe. Kinywa kikavu, tumbo linapanda, usingizi wa mchana. Halafu siku moja tunakula nikasema samaki huyu chumvi imezidi. Mume akaniambia mama hupika hivyo siku zote. Nikajua nimerudi. Kidogo kidogo nikaanza kufagia, nikaanza kwenda kisimani. Mpunga wa mwaka uliofuata nilipanda dunguni, nikawapigia ndege kelele mpaka koo likawaka. Na kilio kilirudi. Kwa jirani kulikuwa na arobaini ya mtoto, walipomtoa nje nililia mbele za watu, machozi ya kweli, nikaona nafuu. Wao waliona husuda. Wakamfunika mtoto.

Sasa mama mkwe naye alikuwa na presha, ya kweli. Na kwetu dawa ya presha huazimwa kama chumvi. Ukiishiwa unabisha hodi kwa jirani, unapewa viwili, utamrudishia boti ikija. Hakuna anayeuliza daktari gani aliandika. Boti hazikuja siku kadhaa kwa upepo, vya kwake vikaisha. Mimi nilikuwa shamba. Akaingia chumbani kwangu, akafungua mkoba wangu wa ukindu aazime kwa mkwewe, akakuta vidonge visivyofanana na vyake. Vyake vilikuwa vikubwa, vinakaa kwenye bahasha ya karatasi. Vyangu vidogo, vimepangwa safu safu kwenye karatasi ya kung'aa.

Angeniuliza. Hakuniuliza. Alivipeleka kwa somo.

Somo alikuja kisimani siku ile, akaniuliza habari za presha, kwa huruma, kama mama. Unakunywaje mwanangu? Nikamwambia kimoja kila siku, nisiruke. Akatikisa kichwa, akajitwisha ndoo yake, akaondoka. Kumbe jibu alikwisha kuwa nalo. Vidogo, safu safu, kimoja kila siku, usiruke: hivyo ni vya majira, vile vya kuzuia mimba. Alikwisha kuviona kwa binti wa mtu.

Baada ya swala ya alasiri niliitwa uani. Jamvi limetandikwa, wanawake wa ukoo wamekaa, mume kaketi karibu na mlango. Vidonge vyangu vilikuwa katikati ya jamvi kama kitu kilichoibwa. Maandishi ya ile karatasi yalikuwa ya Kiingereza, na hakuna pale aliyejua kuyasoma. Nyumba ya tatu alikaa mwalimu ambaye angesoma kwa dakika moja. Hakuitwa, eti mambo ya wanawake hayaonyeshwi mwanaume.

Somo alifungua kikao. "Mimi nilikufunda kuzaa," akasema. "Wa kukufunda kuzuia ni nani?"

Wanawake wakaguna. Mama mkwe akaanza kuhesabu kwa vidole wajukuu ambao angekuwa nao, huyu angekuwa darasa la tano, huyu angekuwa anampasulia kuni. Aliwahesabu wote wanangu mimi, ambao sikuwahi kuwaona, akawalia, na mimi nimeketi pale. Sijui kama kuna matusi yanayofikia hayo.

Nikasema ni dawa ya sonona. Wakatazamana. Mmoja akauliza sonona ni kitu gani. Nikasema ni ya kichwa, ni ya kule kuingia mtoni. Mama mkwe akajibu kwamba mwanawe alimwambia ni presha, sasa leo kimekuwa kichwa, na kesho kitakuwa mguu. Basi nikamgeukia mume.

"Sema wewe," nikamwambia. "Ulikuwapo chumbani kwa daktari."

Alikuwa anachuna ukindu wa jamvi kwa ukucha. Halafu akasema, "Vidonge vya wanawake mimi sivijui."

Nimekaa na neno hilo zaidi ya miaka kumi na miwili na sijalipatia mahali pa kuliweka. Wengine wawili walikosea. Walikuwa wajinga na wabaya, lakini waliamini wanachosema. Yeye alijua. Akaona mlango umefunguliwa: kama mimi nimekuwa nikizuia, basi yeye mzima, na hakuna tena wa kumwambia akapimwe. Akanitoa mimi, akapita yeye.

Mama mkwe alikusanya vidonge, akaenda chooni, nikasikia akivitoa kimoja kimoja kwenye karatasi yake, ili asibakize. Hata kile alichokuwa ameazima, ambacho kwa bahati hakukimeza, alikitupa humo.

Usiache ghafla, daktari alikuwa amesema. Niliachishwa ghafla. Kichwa kilipiga kama mtu anayebofya taa, nikigeuza macho chumba kinachelewa kunifuata. Siku ya nne nikaanza tena kuyatazama maji. Hapo nikaogopa. Mara ya kwanza sikuwa nimeogopa, safari hii niliogopa, na hiyo hofu naihesabu kuwa kazi ya vile vidonge vichache nilivyowahi kumeza. Nilichukua mkoba, nikachukua daftari, nikakaa gatini kusubiri maji yajae. Nilikaa toka asubuhi. Walinipita wanawake waliokuwa kwenye kikao, wakanisalimu, nikawaitikia. Boti ya barafu ilipotia nanga yule mnunuzi wa kamba hakuniuliza kitu. Alisogeza madebe.

Kibiti nilianza upya, kama mgonjwa wa siku ya kwanza. Daktari aliandika na kuandika. Kaka yangu alinipa chumba Mahege na kipande cha mikorosho, na mke wake akanipa ulimi wake kila asubuhi, lakini dawa zangu hakuzigusa. Talaka ilikuja kwa ujumbe wa simu. Nilimpa mtoto wa kaka anisomee, nikamwambia afute. Kliniki nakwenda mpaka leo. Damu imekoma mwaka juzi, hakuna tena wa kuihesabu. Nilijidhani nitafurahi. Nililala siku mbili, daktari akasema ni msiba, si kuugua, lia. Nikalia.

Mwaka huu walikuja. Somo, sasa amezeeka, na wifi yangu, dada wa mume. Mama mkwe yuko kitandani, hana siku nyingi, anataka radhi yangu afe nayo. Niliwatandikia mkeka, nikawapa chai. Somo alisema mwanangu samehe, sisi tulikuwa hatujui.

"Wewe ulikuwa hujui," nikamjibu. "Aliyekuwa anajua hamkuja naye."

Akasema yule bwana ana mke mwingine sasa, ana shughuli. Nikauliza huyo mke amezaa? Akatazama chai yake. Nikamwambia mgonjwa apelekewe jibu langu kama lilivyo: radhi sina, na wasimdanganye kwamba nimetoa. Somo akaanza kunitajia Mungu. Nikamwambia Mungu yuko na wote wawili, mimi na mgonjwa, atajua la kufanya. Akainuka akaenda kwenye bodaboda, akiongea peke yake.

Wifi alibaki. Alikunja ncha ya kanga, akaikunjua. Akaniuliza vile vidonge hasa vilikuwa vya nini. Binti yake amejifungua mwezi uliopita, mtoto wa kiume, mzima, na binti hamshiki. Mtoto akilia anageukia ukutani. Chakula hali. Wameshafukiza.

Nilisimama nikaenda nyuma ya nyumba. Ana mtoto, hataki kumshika. Kama angekuwa mbele yangu, huyo binti, sijui ningemfanya nini. Nilishika ukuta mpaka vidole vikauma. Kisha nikarudi.

Nikamwambia wifi ampeleke binti hospitali Kibiti, siku ya Jumanne, asubuhi na mapema, mlango wa mwisho upande wa kushoto. Anunue daftari. Aende na mtoto, na yeye mwenyewe wifi aingie ndani, akae mpaka mwisho, na akirudi Salale ayaseme yote kama alivyoyasikia. Akarudia mara mbili ili asisahau. Akataka kunishika mkono, nikauondoa. Pole sikumpa.