Uzi wa Kijani Mwaloni Ng'wanhale

Mwaloni Ng'wanhale, bandari ndogo ya wavuvi katika kata ya Kalemela, mtu akitaka tanga haulizi mara mbili. Anaelekezwa nyumba ya pili kutoka vichanja vya dagaa, kwa Nyanjige, ambako cherehani hulia barazani tangu asubuhi. Binti yake Kabula alipomaliza kidato cha nne alimwandikia kibao cha ubao: HAPA TUNASHONA MATANGA. Wafanyabiashara wa Bariadi mjini waliofuata dagaa walikisoma, wakavua kofia, wakaingia na pole zao wakidhani kuna msiba. Nyanjige alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akawapa viti.

Hakuzaliwa ziwani. Kwao ni Nkololo, kwa ng'ombe na pamba, na maji mengi aliyoyajua utotoni yalikuwa ya lambo la kunyweshea mifugo. Aliliona ziwa akiwa na miaka kumi na minane, alipoolewa na mvuvi. Mwaka uliofuata mama yake alifariki. Alipomaliza siku za msiba, alirudi Ng'wanhale akiwa amemshika mkono mdogo wake wa kiume wa mwisho, Limbu, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumwogesha wala kumpikia uji. Ndiyo maana watu walizoea kusema kwamba Nyanjige alizaa mara mbili, Limbu kwanza, Kabula baadaye.

Mume alimfundisha kupasua viroba vya salfeti, kuviunganisha, na kukata tanga lenye tumbo la kushika upepo. Mume alipokufa kwa homa ya ini, kazi ilibaki mikononi mwa mkewe, na mikono ile ikawa hodari kuliko ya marehemu. Nyanjige alishonea uzi wa kijani, wa nailoni, ambao aliagizia Lamadi kwa sababu hauozi haraka. Kila pindo alilimalizia kwa fundo lake la mizunguko mitatu. Hakuna aliyefunga hivyo mwalo mzima.

Mashindano ya matanga yaliletwa na Marcelo.

Marcelo alikuwa Mkerewe aliyehamia Ng'wanhale na mkewe Felisita na watoto wao. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, na mtumbwini alikuwa kama amezaliwa humo. Wakati ule mwalo ulikuwa unalalamika tu. Sato walikuwa wamepungua, gugumaji lilikuwa limefunga njia ya kutokea, na kwenye kighuba cha matete, ambako samaki huzalia, watu walikuwa wakitega timba, zile nyavu nyembamba za plastiki zilizopigwa marufuku, zinazonasa mpaka vifaranga. Bwana samaki, ofisa wa uvuvi, alikuja, akahutubia, akaondoka. Marcelo ndiye aliyesimama mkutanoni akasema, "Watu hawaji kung'oa gugumaji kwa sababu ya hotuba. Wekeni mashindano. Mtumbwi usiofanya kazi ya usafi, na usioheshimu kighuba, usishindane."

Wazo lilipendwa kupita alivyotarajia. Kila mwezi wa nane mitumbwi kumi na tano, mara ishirini, ilipanga mstari mbele ya mwalo, ikangoja upepo wa mchana, ikakimbia mpaka kwenye mawe ya ndege, yaliyotokeza katikati ya maji, na kurudi. Ili kupata nafasi pale mstarini, wanaume waliokuwa hawagusi reki walisimama kwenye maji ya kiuno wakivuta gugumaji. Kighuba kilizungushiwa maboya meupe, kikafungwa. Iliundwa kamati ya ulinzi wa mwalo. Mzee Machibya akawa mwenyekiti na Nyanjige katibu, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka.

Limbu, ambaye sasa alikuwa mvuvi mwenye mtumbwi wake, alishinda mwaka wa kwanza, na wa pili. Wa tatu na wa nne alishinda Marcelo. Matanga yote mawili yalitoka kwenye cherehani moja, na watu walimtania Nyanjige kwamba yeye hashindwi kamwe. Lakini moyoni alijua anamtakia nani ushindi. Marcelo aliposhinda alipiga makofi. Limbu aliposhinda alipiga vigelegele.

Mwaka 2019, siku mbili kabla ya mashindano, Nyanjige alikuwa barazani akiongeza kitambaa kwenye tanga la Limbu aliposikia kelele mwaloni. Alitupa mkasi, akakimbia.

Marcelo alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi wake, magoti yote yanachuruzika maji. Miguuni pake palikuwa na rundo la timba, na ndani ya timba sato wadogo wa kiasi cha kidole wakimetameta. Watu walikuwa wamemzunguka.

"Nimeukuta ndani ya maboya," alikuwa akisema. "Nimeuvuta nije kuukabidhi kwa kamati. Mwiteni mwenyekiti."

"Umeukuta!" Ilikuwa sauti ya Limbu, kutoka nyuma ya umati. "Kila mwizi amekuta! Sisi anatufungia kighuba, kumbe anajiwekea shamba lake!"

Mzee Machibya alifika akihema. Aliamuru wavu utandazwe mchangani. Ulipotandazwa, Nyanjige aliinama kuutazama, kama kazi yake ya ukatibu ilivyomtaka, na akaona. Pembeni, mahali ambapo wavu ulikuwa umechanika ukaungwa, palikuwa na uzi wa kijani. Na mwisho wa kila kiungo, fundo la mizunguko mitatu.

Alikumbuka palepale. Miezi miwili nyuma Limbu alimletea wavu uliofungwa ndani ya kiroba, umeachwa nje ukingo tu. "Dada, niungie hapa na hapa, usifungue wote, utavurugika." Aliunga bila kuuliza. Marcelo hakuwahi kumpa wavu wa kuunga. Alitengeneza nyavu zake mwenyewe.

Alisimama wima. Akamtazama Limbu, na Limbu akatazama ziwani.

"Katibu," mzee Machibya alimuuliza, "kuna alama yoyote ya mwenye wavu?"

Baadaye, kwa miaka, Nyanjige alijaribu kukumbuka alichofikiri katika muda ule, na hakukuta wazo lolote la maana. Hakufikiria sheria, wala faini, wala polisi. Alichokiona kichwani ni Limbu wa miaka sita, amevaa shati la msiba lililomzidi, anamwambia njiani kutoka Nkololo kwamba amechoka kutembea. Na pia, jambo hili lilimchukua muda mrefu kulikiri, aliliona tanga lililobaki barazani, zuri kuliko yote aliyowahi kukata.

"Sioni alama," alisema.

Kamati ilikaa mchana ule ule. Wapo waliomtetea Marcelo, ila kwa sauti ndogo, maana alikuwa mtu wa kuja na ushahidi ulikuwa ndani ya mtumbwi wake. Alifungiwa kushindana na kuvua mwaloni hapo kwa mwaka mzima. Nyanjige aliandika uamuzi huo kwa mwandiko wake unaosomeka. Marcelo hakupiga kelele wala hakuapa. Alimtazama katibu kwa muda, akageuka, akaenda nyumbani kwake.

Jumamosi, siku ya mashindano, Limbu alishinda. Alizunguka mawe ya ndege akiwa ameacha wenzake nyuma kiasi kwamba watu walianza kushangilia kabla hajakaribia ufukwe. Alipofika alimbeba dada yake juujuu mbele ya wote. Nyanjige aliposhushwa alipiga makofi tu.

Jioni, walipobaki wawili, alimwambia, "Ule wavu ni wako."

Limbu hakukataa. "Wote wanatega, dada. Nimetega mara tatu tu. Na wewe umeshasema hujaona alama. Yameisha."

Kabla ya mwezi kwisha Marcelo na Felisita waliuza mtumbwi, wakapakia vitu vyao kwenye lori la dagaa, wakarudi Ukerewe. Felisita alipita kuaga nyumba kwa nyumba. Barazani kwa Nyanjige alisimama, akasema, "Haya, mama Kabula, tuombeane," akampa mkono. Mkono ule ulikuwa mkavu na mwepesi. Nyanjige alitaka kuuvuta, amkalishe, amwambie. Akasema tu, "Safari njema."

Yameisha, alisema Limbu, lakini hayakuisha. Aliyeanzisha ulinzi alipoonekana mwizi, ulinzi wenyewe ukawa kichekesho. Watu walisema, kama hata yule alikuwa anatega, sisi tunajinyima kwa ajili ya nani? Maboya yakakatwa moja moja. Mwaka uliofuata mashindano yalifanyika bila siku ya usafi, ule wa baada yake hayakufanyika kabisa. Gugumaji likarudi. Wanawake waliokuwa wakikaanga sato wakahamia kwenye dagaa, na dagaa wenyewe wakawa wa kugombania. Nyanjige aliyatazama yote hayo kutoka barazani, akijua yalipoanzia. Alipunguza kucheka. Kabula, ambaye sasa alikuwa ameolewa Lalago, alipokuja kumtembelea alimuuliza kama anaumwa.

Mwaka 2022 bwana samaki mpya aliitisha mkutano wa kufufua kamati. Walijaa kweli, kwa kuwa njaa ilikuwa imewaingia. Mzee mmoja akasimama akasema, "Sisi tulikuwa vizuri mpaka yule Mkerewe alipotuharibia mazalia." Watu wakaitikia. Limbu, aliyekaa mstari wa mbele, akaitikia pia, tena kwa sauti.

Ni ule mwitikio wa Limbu uliomsimamisha Nyanjige.

"Marcelo hakuharibu kitu," alisema. "Ule wavu niliuunga mimi, kwa uzi wangu. Alama niliiona. Niliulizwa nikasema sioni. Wavu ulikuwa wa mdogo wangu, Limbu."

Limbu aliinuka, akasogeza kiti chake taratibu kama mtu anayetoka kanisani, akatoka. Hakumtazama dada yake.

Mzee Machibya alikuwa amezeeka sana. Aliuliza tu, "Mayu, mama, mbona umechelewa hivi?"

Kamati iliandika barua ya kumsafisha Marcelo, na Nyanjige akaomba aipeleke mwenyewe. Alipanda basi Lamadi mpaka Bunda, akashika gari la Kisorya, akavuka kwa kivuko hadi Ukerewe, akaulizia njia mpaka kijiji kimoja nyuma ya Nansio. Alimkuta Felisita akianika mihogo. Felisita alimtambua mara moja, akamkaribisha, akamletea maji ya kunawa bila kuuliza kilichomleta.

Marcelo alitoka shambani na jembe begani. Alikuwa amekonda. Nyanjige alipiga goti kama anavyosalimia wakubwa kwao, ingawa walikuwa rika moja, akampa barua. Aliisoma polepole, akaikunja.

"Niliona uzi," Nyanjige alisema. "Siku ile ile niliuona."

"Najua."

"Unajua vipi?"

"Tanga langu si ulilishona wewe? Nilikuwa naukunja uzi ule kila siku." Marcelo aliketi kwenye kigogo. "Nilivyouvuta ule wavu majini niliujua kabla sijafika nchi kavu. Nyavu ulikuwa unamwungia mdogo wako tu. Ningesema ni wa Limbu, nani angemwamini mtu wa kuja? Nikasema moyoni, katibu yupo. Watu walivyokuwa wanapiga kelele mimi nilikuwa nakutazama wewe tu."

Nyanjige aliinamisha uso. Kwa miaka mitatu alikuwa amejifariji kwamba angalau yule mtu hakujua. Kwamba alidhani ni bahati mbaya, ni umati, ni ugeni. Kumbe alisimama pale, maji yanamchuruzika, akimngoja yeye.

"Rudini," alisema hatimaye. "Kighuba tunakifunga tena. Mashindano yatarudi. Kamati imesema—"

"Hapana, mama Kabula." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Barua nashukuru, nitawasomea watoto. Lakini ziwani sirudi. Tanga likijaa upepo siku hizi nasikia zile kelele."

Walimpa ugali wa muhogo na samaki wa kununua. Asubuhi Felisita alimsindikiza mpaka barabarani. Walizungumza habari za mvua.

Mashindano yamerudi Ng'wanhale. Mwaka jana ilijipanga mitumbwi kumi na mmoja, na kabla yake watu walifanya siku nne za usafi. Maboya yapo. Kighubani sato wadogo wameanza kuonekana kwenye matete, na Nyanjige ni mmoja wa wanaopiga doria asubuhi. Aliacha ukatibu. Alisema apewe mtu mwingine, na hakuna aliyembembeleza aendelee.

Limbu hamsalimii. Wakikutana njiani hugeukia upande wa nyumba za watu. Watoto wake wanakuja kula kwa shangazi yao, naye hawakatazi, lakini yeye hajakanyaga baraza lile tangu siku ya mkutano. Faini alitozwa, akalipa, akaruhusiwa tena kushindana.

Siku ya mashindano Nyanjige alisimama na wanawake wenzake kando ya maji. Mitumbwi ilipopandisha matanga aliona lile la Limbu, jipya, la turubai la bluu, lililonunuliwa Mwanza. Lilikuwa limekatwa vibaya. Tumbo lilikuwa limeshuka chini mno, na upepo ulikuwa unamwagika pembeni badala ya kusukuma. Angelirekebisha kwa nusu saa: kufumua pindo moja, kulikaza, kufunga.

"Mdogo wako atashinda?" aliuliza mwanamke mmoja mgeni, asiyejua habari.

"Hapana," Nyanjige alisema. "Tanga halimfai."

Akabaki amesimama palepale mpaka Limbu aliporudi, wa tisa, akashusha tanga lake na kulikunja peke yake.