Taa za Gari Lililohamishwa Usukani

Gari letu lilikataliwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya taa za nyuma. Nilipokanyaga breki huku taa za kuendeshea zimewashwa, zote za nyuma zilififia, na indiketa ambazo hakuna aliyeziwasha zikawaka kwa unyonge. Mkaguzi aliiandika kasoro hiyo kwenye karatasi, akanipa muda wa kuirekebisha na kurudi.

Jambo hilo lisingenikosesha usingizi kama si goti la mke wangu. Tangu afanyiwe upasuaji, kila Alhamisi nilimtoa Masaka, tunakoishi, nikampeleka Kacyiru kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Pikipiki hawezi kupanda, kwa kuwa goti halikunjiki vya kutosha, na kwenye basi huteseka. Mwanangu, ambaye nyumba yake iko Kacyiru, alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa gari. Nilikubali kwa shingo upande kwamba gari likikataliwa mara ya pili litauzwa, na mama yake atahamia kwake mpaka apone. Itakuwa miezi mingapi, hakuna aliyesema. Wala hakuna aliyesema nani atakula nami chakula cha jioni.

"Kila mtu anasema magari yaliyohamishwa usukani hayaponi, Baba," mwanangu aliniambia kwenye simu.

"Kila mtu ni nani? Nitajie mmoja aliyelipima."

"Baba, tafadhali."

"Nasubiri jina."

Akacheka, lakini hakubadili msimamo.

Ni kweli kwamba gari hilo lilihamishwa usukani. Tulilileta kutoka Tanzania, tulikokulia mimi na mke wangu, ambako watu huendesha kushoto. Kwa kuwa hapa tunaendesha kulia, fundi aliutoa usukani upande mmoja akaupeleka wa pili, kama walivyofanyiwa wenzetu wengi waliorudi nchini na magari yao. Nyaya zilikatwa, zikaungwa, zikapitishwa njia mpya. Nililipokea likiwa limesafishwa, nikatia ufunguo, likawaka. Sikuuliza zaidi.

Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja za mtaa, jirani yetu fundi cherehani alinikuta nimeinama kwenye buti. Alisimama, jembe begani.

"Muzehe, hiyo ni arternata, haichaji betri. Shemeji yangu, yake ilikuwa vile vile."

"Vile vile namna gani?"

"Taa zilikuwa haziwaki."

"Zangu zinawaka. Tena zinawaka hata nisizoziomba."

"Basi iko ni betri."

"Umebadili ugonjwa bila hata kusogeza mguu."

"Mimi nashona suruali, Muzehe. Suruali haina betri." Akaenda zake akicheka.

Betri niliipima, ilikuwa nzima. Balbu nilizibadilisha, tatizo likabaki. Taa hupokea umeme kwa waya mmoja na kuurudisha kwa mwingine uliofungwa kwenye bodi ya gari. Huu wa pili mafundi wa hapa huuita masi. Masi ikishika kutu, umeme hukosa njia ya kurudi, ukatafuta upenyo kupitia taa za jirani. Nilichukua waya mrefu, nikaunganisha taa za nyuma moja kwa moja na upande hasi wa betri. Zote zikawaka sawasawa. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa masi, na hilo sikuambiwa na mtu.

Kitabu cha matengenezo cha gari, ambacho nimekitunza miaka yote, kilionyesha kwamba masi ya taa za nyuma imefungwa kwa boliti ndani ya buti, upande wa kulia. Niliikuta pale pale. Niliisugua kwa msasa hadi ikang'aa. Hakuna kilichobadilika. Siku ya pili niliisugua tena, kwa bidii zaidi.

Mke wangu alikaa kwenye kiti nyuma ya gari, kwa kuwa siwezi kukanyaga breki na kuziona taa kwa wakati mmoja.

"Breki!" nikapaza sauti.

"Zimefifia."

"Zimefifia kiasi gani?"

"Kiasi cha kufifia, Mwalimu. Nikuandikie insha?" Huniita Mwalimu anapotaka kunichokoza, maana nilifundisha fizikia hadi nilipostaafu. Nilirudi kwenye buti na msasa wangu. Akaniuliza, "Huo waya unaousugulia boliti, unaelekea wapi?"

"Kwenye taa. Kitabu kinasema."

"Kitabu kinasema. Wewe umeuona ukifika?"

Niliuvuta. Ukatoka wote mkononi, mfupi kama kiganja, ncha yake imeviringishwa utepe mweusi kwa unadhifu mkubwa. Fundi aliyehamisha usukani alikuwa ameukata na kuuacha. Kwa siku mbili nilikuwa nimeing'arisha boliti isiyobeba chochote.

Mke wangu alicheka hadi akalishika goti.

"Utajiumiza," nikamwambia.

"Acha niumie."

Kwa miaka mingi nilikuwa nikimrudisha kitini mwanafunzi aliyenijibu jambo asilolishuhudia. Nilikifunga kitabu, nikakipeleka ndani.

Nilianza upya kwenye taa zenyewe, nikaufuata waya kwa vidole. Niliondoa kiti cha nyuma, nikainua zulia, nikafungua kizingiti cha mlango wa kushoto. Njia mpya ilipita chini ya mlango wa dereva, ikaishia kwenye boliti iliyofichika karibu na kisigino changu mwenyewe. Zulia hapo lilikuwa na unyevu. Kila msimu wa mvua nilikuwa nimeingia na viatu vyenye maji nikayamimina juu ya masi. Kutu ilikuwa imeula waya, ukabaki unyuzi mmoja.

Niliikata ncha iliyooza, nikatia kichwa kipya cha waya, nikatafuta mahali pakavu juu zaidi, nikasugua rangi hadi chuma kikaonekana, nikakaza, nikapaka grisi.

"Breki!"

Nikakanyaga tena.

"Nimesema breki!"

"Nyekundu. Kali."

"Na indiketa?"

"Zimelala."

"Zote mbili?"

"Njoo uone mwenyewe."

Akanipa fimbo yake ya kutembelea. Nilikandamiza nayo kanyagio la breki, nikaikaza dhidi ya kiti, nikaenda kusimama kando yake. Tuliziangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu mkaguzi alikanyaga breki mara tatu, akagonga muhuri. Nilimpigia mwanangu simu nikamwomba amwambie mnunuzi atafute gari lingine. Hakubisha.

Alhamisi iliyofuata mtaalamu alilikunja goti la mke wangu polepole, akatangaza kwamba limepata nafuu kuliko wiki iliyopita. Nikamwomba anionyeshe vipimo. Akageuza daftari lake upande wangu, nikasoma cha wiki iliyopita na cha siku hiyo. Alikuwa amesema kweli.

"Amekwisha kuona," mke wangu alimwambia, akinyoosha mkono nimwinue. "Sasa turudi kwetu."